Neno Lililomezwa na Redio

Alibofya.

Ndiyo, msomaji wangu, alibofya. Wiki iliyopita tulimwacha Kinasa mkono ukiwa juu ya kipanya, macho kwenye kioo cha kompyuta, na mbele yake neno moja jekundu: ZIMA. Nusu yenu mlimsihi asibofye. Nusu nyingine mlisema anangoja nini, mwanamume huyo amezidi. Basi hiyo nusu ya pili imepata ilichotaka, na sasa tuone kama itakifurahia.

Kwenye kioo, namba Kumi na Tisa ilikuwa ya kijani. Ikapepesa mara moja. Ikawa ya kijivu.

Kumi na Tisa ni redio ya mkononi ya Koplo. Koplo ni mume wa Kinasa, baba wa mapacha wake. Na redio hiyo, popote ilipokuwa saa nne na dakika tano asubuhi ile, ilikuwa imegeuka jiwe. Haisemi, haisikii.

“Haya,” Kinasa akasema peke yake. “Mpigie sasa huyo Antena wako tuone.”

Kwa aliyeikuta hadithi njiani, nimmegee kidogo. Kinasa ndiye mwanamke wa chumba cha redio hapo kituo cha polisi. Si askari, hana cheo, ana kiti chenye mguu mmoja uliofungwa waya na sauti ambayo magari yote ya doria yanaitii. Akisema nendeni, wanakwenda. Wamemwita Kinasa kwa sababu neno likiingia sikioni mwake halitoki tena. Miaka sita yuko pale.

Miaka yote hiyo redio ilikuwa ya wote. Ukisema, kituo kizima kinasikia. Aliyesahau funguo, aliyeharisha akiwa doria, aliyefukuzwa na mama mkwe, wote walijulikana. Kwenye redio ile usingeweza kutongoza hata paka.

Kisha zikaja redio mpya za mkononi. Ndogo, nyepesi, kila moja na namba yake. Na redio mbili zinaweza kuongea zenyewe kwa zenyewe, wengine wasisikie kitu. Wakubwa wakasema huo ndio usalama. Kinasa alisema “sawa, Afande” kwa mdomo, moyoni akajiuliza: watu wa kazi moja, mchana kweupe, faragha ya nini?

Redio zikaja na fundi wake. Mwanamke. Mrefu, mwembamba, suruali yenye mifuko sita, kicheko kinachoingia chumbani kabla yake. Askari hawakumaliza hata siku moja kabla ya kumpa jina: Antena.

Siku tisa sasa. Kila siku, kwenye kioo, mstari mwembamba wa bluu ukiunganisha Kumi na Tisa na Thelathini. Thelathini ni redio ya Antena. Dakika nne. Dakika saba. Juzi, dakika kumi na moja! Kinasa aliziandika zote nyuma ya kitabu cha zamu, kwa penseli, kwa herufi ndogo ndogo kama chawa. Nyumbani, dakika kumi na moja za kuongea na mumewe alikuwa hazipati kwa wiki nzima, hata ukijumlisha na “chumvi iko wapi”.

Tena redio yenyewe Koplo anaichaji kichwani pa kitanda. Analala ameielekea. Mke ameelekea ukuta.

Ndipo asubuhi hiyo Kinasa akafungua rekodi. Maana mtambo mpya unatunza kila kinachosemwa, na Antena mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuzifungua. Akavaa kisikilizio sikio moja. Akasikia hivi:

“Tunu, unanipata?” Sauti ya Koplo.

“Tunu, nakupata vizuri! Sema.” Sauti ya Antena. Halafu kicheko.

Tunu! Msomaji, Tunu ni jina ambalo Koplo alimpa Kinasa enzi za uchumba, barazani kwa shangazi yake, siku alipomletea kitambaa cha kichwa akakosa maneno ya kukitolea. Walipozaliwa mapacha jina likapotea bila matanga. Ikawa Mama Pacha huku, Mama Pacha kule. Kinasa alidhani limekufa kwa uzee wa ndoa. Kumbe limehamishwa. Kumbe amevikwa mtu mwingine, na mtu mwenyewe analiitikia!

Mume unaweza kumgombania. Jina utaligombaniaje?

Nakumbusha jambo moja dogo, mlishike. Wakati Kinasa anaisikiliza rekodi hiyo kwa sikio la kushoto, saa tatu na nusu, simu ya kituo ililia akaipokea kwa sikio la kulia. Sauti ya mwanamke, laini, haina haraka. “Kufuli la ghala la mabati limevunjwa, kule mwisho wa barabara ya mawe. Mtumeni yule koplo wa Gari Tatu, ndiye anayepajua.” Kinasa akaituma Gari Tatu, gari la doria la mumewe. Jina la mpigaji hakuuliza. Kinasa huyu, ambaye huuliza jina hata la mtu aliyekosea namba! Lakini siku hiyo sikio moja tu ndilo lililokuwa kazini.

Haya, tuendelee. Redio imegeuka jiwe, mlango ukafunguliwa. Kicheko kikaingia kwanza.

“Dada Kinasa, za asubuhi?”

“Nzuri.”

Nzuri hiyo ilikuwa kavu, ungeweza kuiwashia moto.

Antena alikuwa na kompyuta yake ndogo mkononi. “Dada, Kumi na Tisa ya shemeji imenipotea. Kwako inaonekana?”

Shemeji! Shemeji wa nani? Waliwahi kunyonya ziwa moja?

“Labda betri,” Kinasa akasema, akijifanya anapanga makaratasi ambayo yalikuwa yamepangwa tangu jana.

“Betri ikiisha inakuwa njano. Hii ni kijivu.” Antena akainama kwenye kioo. “Kijivu ni mtu ameizima kutoka chumba hiki. Na humu ndani…” Akatazama kushoto, akatazama kulia. “Tuko mimi, wewe na feni.”

“Basi muulize feni.”

“Dada.”

“Abee.”

“Umeizima wewe?”

“Ndiyo.”

“Kuzima ni kwa redio iliyoibwa tu. Imeibwa?”

“Imeibwa. Na mwenye nayo kaibwa pamoja nayo.”

Antena akaiweka kompyuta yake mezani polepole, kama mtu anayetua yai. “Sijakuelewa, dada yangu.”

“Utaelewaje, na wewe ndiye mwizi? Siku tisa unaongea na mume wangu. Juzi dakika kumi na moja. Ninazo hapa zote, unataka nikusomee?”

“Na Koplo? Mimi?” Antena akashika kifua. “Dada, mimi natafuta mawimbi, simtafuti yeye!”

“Mawimbi ya dakika kumi na moja?”

“Hata kumi na moja hazikutosha! Gari Tatu ndiyo inayozunguka kule kwenye maghala, na kule redio zetu zinashika kwa shida. Anasimama, ananiita, naangalia nguvu inayofika, naandika. Anasogea hatua ishirini, ananiita tena. Tungetumia chaneli ya wote, kituo kizima kingeshinda kinasikiliza ‘unanipata, unanipata’ mpaka jioni. Mngenifukuza kwa mawe.”

Akachomoa daftari kwenye mfuko wa goti. “Soma mwenyewe.”

Kinasa hakusoma sana shuleni, lakini anachosoma hukisoma mpaka mwisho. Aliweka kidole chini ya kila mstari. Kwenye geti: tatu. Nyuma ya ghala la kwanza: mbili. Ndani ya ghala la mabati: moja, karibu na dirisha tu.

Mistari ilikuwa mingi, kurasa kwa kurasa, na yote ilikuwa ya namba. Hapakuwa na ua lililochorwa pembeni wala moyo wenye mshale. Hata hivyo Kinasa hakurudi nyuma. Mwanamke aliyefika pale alipofika yeye haridhiki kwa namba.

“Na Tunu?”

“Tunu?”

“Usijifanye! ‘Tunu, nakupata vizuri.’ Nimesikia kwa sikio hili hapa.”

“Aa, Tunu!” Uso wa Antena ukafunguka. “Si ndiyo mnavyoanza ujumbe hapa kwenu?”

“Tunavyoanza?”

“Koplo kila akibonyeza, anaanza na Tunu. ‘Tunu, unanipata. Tunu, niko getini. Tunu, mbwa ananifukuza.’ Nikajua ni utaratibu wa askari, kama vile mwisho wanasema ova. Nikaona nisiwe mgeni mwenye kiburi, nikawa naitikia.” Akafunua ukurasa mwingine. “Hii hapa. Tunu: mwanzo wa ujumbe. Nimeiweka hata kwenye kitabu cha mafunzo, ukurasa wa tatu. Kimeshachapwa.”

Kinasa alitaka kucheka. Akataka kulia. Akachagua hasira, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

“Unataka kuniambia mwanamume anamwita mwanamke asiye wake Tunu, bure tu, kama anavyopiga chafya?”

“Nakuambia nilichosikia!”

“Na kicheko? Kicheko nacho ni cha kupima mawimbi?”

“Mbwa alikuwa anamfukuza, dada!”

Mlango ukasukumwa kwa goti. Akaingia Sajini, mzee wa kituo, kofia kichwani, kwapani amekumbatia redio ya zamani aliyoifunga kwa taulo. Redio zote za mkononi za zamani zilikusanywa asubuhi hiyo kwenye kreti. Yake alisema imepotea. Kila mtu aliiona ilipopotelea.

“Mnagombania nini nyie? Mahabusu wote wamenyamaza wawasikilize.”

Antena akamgeukia kama aliyepata hakimu. “Afande, samahani. Tunu maana yake nini kwa kipolisi?”

Sajini akaona haya mpaka masikioni. “Kumbe na wewe kakuita? Jana nilimjaribu Koplo kwa hizi redio zenu. Nikamwita. Akanijibu: ‘Tunu, nakusikia Afande.’ Mimi! Na mkuu wa kituo kasimama kando yangu! Mpaka leo mkuu akikutana nami kwenye korido anatazama ukuta.”

Kinasa akakaa. Waya wa kiti ukalia.

“Na wewe pia kakuita, Afande?”

“Nilitaka kumweka ndani. Halafu nikakumbuka, nikamsamehe.” Sajini akaipapasa redio yake ndani ya taulo. “Ni neno lake la kutupa.”

“La kutupa vipi?” wanawake wote wawili wakauliza.

“Hii,” Sajini akasema, na sauti yake ikawa ya mtu anayemsifia marehemu, “ukiibonyeza, inavuta pumzi kwanza. Neno la kwanza inalimeza. Ukisema ‘Usije, kuna hatari’, mwenzako anasikia ‘kuna hatari’, anakuja mbio. Kwa hiyo tuliwafundisha vijana tangu mwanzo: bonyeza, tupa neno moja lisilo na kazi, ndipo useme. Mimi natupa ‘haya’. Dereva wa Gari Tatu anatupa kikohozi. Kila mtu ana lake na hakuna anayelijua la mwenzake, maana halifiki. Sasa hizi mpya hazimezi kitu! Tumeanza kusikia yaliyokuwa matumboni mwa watu. Yule bwana mpole wa Gari Moja, mnayemwona anakwenda ibadani? Miaka yote alikuwa anatupa tusi. Na mimi namjibu ‘nimekupata’!”

Antena alicheka mpaka akashika meza.

Kinasa hakucheka. Alikuwa anasikiliza kitu kingine.

Miaka sita, kila Koplo alipoita, kwanza ilikuja sauti ndogo: krrk. Kisha ndipo, “Kituo, hapa Gari Tatu.” Krrk, Kituo, tumefika. Krrk, Kituo, tunarudi. Alidhani ni mtambo unakwaruza. Alishawahi hata kuomba upigwe mafuta.

Ile krrk ilikuwa yeye.

Mara thelathini kwa siku. Mara arobaini siku za vurugu. Mumewe alimwita jina la uchumba mbele ya kituo kizima, bila kuona haya, akijua halitafika. Na redio ikalimeza lote, ikamwachia krrk.

“Tunu ni mimi,” akasema taratibu.

Feni ikaendelea na kazi yake.

“Ni mimi,” akarudia, na sasa akamtazama Antena, na msomaji usidhani wivu ulikuwa umekwisha. Ulihama kiti tu. “Siku tisa unalisikia. Wewe, na Afande, na mkuu wa kituo. Mimi mwenyewe sijalisikia hewani hata mara moja.”

Akaitazama ile redio kwenye taulo, kwapani mwa Sajini, kama unavyomtazama mwanamke aliyekaa na vitu vyako miaka sita anakuambia hajaviona.

Antena akamgusa bega. “Basi tuiwashe Kumi na Tisa, dada. Aite. Ulisikie kwa raha zako.”

Ndipo wote watatu wakageuka kwenye kioo. Kijivu.

Na kabla mtu hajasogea, mtambo wa mezani ukaita. Redio za ndani ya magari bado ni zile za zamani, zamu yao ya kubadilishwa ni wiki ijayo.

Krrk. “Kituo, hapa Gari Tatu. Dereva naongea. Ova.”

“Sema, Gari Tatu.”

Krrk. “Koplo ameingia ghala la mabati, nusu saa sasa. Kaniambia nibaki garini, akiona kitu ataniita kwa redio ya mkononi. Yangu nimeishika hapa, iko kimya kama kaburi. Nilidhani hakuna kitu. Sasa mlango umefungwa. Umefungwa kwa ndani, Mama Pacha. Ova.”

Huyo mwanamume alikuwa anategemea kitufe kimoja. Kitufe chenyewe mkewe alikuwa amekiua.

“Daftari,” akasema. “Ndani ya ghala la mabati uliandika moja. Moja inatosha?”

“Inatosha,” Antena akajibu, na hakumtazama. “Akiwa dirishani, akibonyeza, inafika. Ila iwe haijazimwa.”

“Iwashe!”

“Kuzima ni mtu mmoja, dada. Kuwasha ni watu wawili. Mlitaka wenyewe, mwizi asije akawa na rafiki humu ndani. Neno langu la siri, na la Afande.”

“Nani kaizima?” Sajini akauliza.

“Mimi, Afande.”

“Kwa nini?”

“Kwa wivu, Afande.”

Sajini ameandika kitabu cha matukio miaka ishirini na nane: wizi, ugomvi, mbuzi kula nguo za jirani. “Wivu,” akanong’ona. “Sasa wivu mimi nitauandika safu gani?”

“Afande, neno la siri!”

“La nani?”

“Lako! Ulilochagua mwenyewe juma lililopita!”

Sajini akavua kofia. Ndani, kwenye kitambaa cha jasho, palikuwa na kikaratasi kimebandikwa. Akakisogeza karibu na pua, akasoma kwa sauti ya chini: “Sitaki.”

“Afande, tafadhali, si wakati wa kukataa!”

“Sikatai! Ndilo neno lenyewe! Sitaki, kwa herufi kubwa!”

Antena akaingiza lake kwa kufumba na kufumbua. Sajini akaanza lake kwa kidole kimoja. S. I. T. Akaitafuta A, ilikuwa chini ya kidole chake. Kinasa alikuwa keshashika kipaza cha mtambo, na sauti ilikuwa ile ile ambayo magari huitii, haikutetemeka hata herufi.

“Gari Moja, hapa Kituo. Nendeni ghala la mabati, mwisho wa barabara ya mawe. Haraka. Gari Tatu, usiingie peke yako. Kaa nyuma ya gari. Ova.”

“Imekataa,” Sajini akasema. “Nimeandika SITAKO.”

“Rudia!”

S. I. T. A. K. I.

Kumi na Tisa ikawa nyeupe. Ikazunguka, ikazunguka. Kinasa alikuwa ameuma pindo la kitambaa chake cha kichwa bila kujua. Alikuwa anahesabu. Alizima saa nne na dakika tano. Ukutani ilikuwa saa nne na dakika ishirini na sita.

Kijani.

Akabonyeza. “Kumi na Tisa, hapa Kituo. Unanipata?”

Kimya.

“Kumi na Tisa, hapa Kituo. Baba Pacha, unanipata?”

Msomaji, tumwonee huruma au tumkaripie, lakini tuseme kweli. Pamoja na hofu ile, pamoja na jasho lile, kipande kidogo cha moyo wake kilikuwa kinasubiri zawadi. Koplo hajawahi kuita Kituo kwa redio mpya. Hii ndiyo mara ya kwanza. Mashine hii haimezi. Sasa hivi atabonyeza, na mdomo wake uliozoea utatupa neno, na neno litafika.

Taa ikawaka. Sauti ikaja, safi, karibu, utadhani kasimama mlangoni.

“Kituo, hapa Kumi na Tisa. Hali ni shwari. Ghala liko tupu. Msitume gari lingine. Ova.”

“Ahsante Mungu!” Sajini akapiga meza kwa kofia. Antena akapumua, akacheka kicheko chake chote, akamkumbatia Kinasa na kiti chake. Sajini akanyoosha mkono kwenye kipaza cha mtambo. “Gari Moja irudi. Wasije wakamaliza mafuta bure.”

Kinasa akamkamata kifundo cha mkono. Mwanamke asiye na cheo, amemshika Sajini mkono.

“Usiguse, Afande.”

“Mama Pacha, vipi? Hukumsikia mumeo?”

“Nimemsikia. Tangu neno la kwanza.”

“Basi?”

“Neno la kwanza lilikuwa ‘Kituo’.”

Sajini hakuelewa. Antena alielewa. Kicheko kikakatika kama uzi, mkono ukaenda mdomoni.

“Hii haimezi,” akasema.

“Haimezi,” Kinasa akajibu. “Tunu yake mimi sijaisikia hewani, lakini yeye hajawahi kuiacha. Na mbwa akimfukuza, anaitupa. Hata Afande kaitupiwa. Mara hii kairudisha mfukoni kwa makusudi, kwa sababu kuna mtu anamsikiliza.”

Akabonyeza tena. Sauti yake ikawa ya kawaida, ya kazi, ya mwanamke aliyechoka na zamu.

“Kumi na Tisa, hapa Kituo. Hukusikika vizuri. Rudia ujumbe wako, taratibu.”

Taa ikawaka.

“Kituo, hapa Kumi na Tisa. Hali ni shwari. Ghala liko tupu. Msitume gari lingine.”

Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kama mtoto anayesomeshwa ubaoni. Akamaliza. Lakini safari hii hakusema ova. Na taa haikuzimika. Koplo alikuwa ameacha dole gumba juu ya kitufe.

Wakasikia mabati yakilia kwa jua. Wakasikia kiatu kikiburuzwa kwenye sakafu ya saruji. Kisha, karibu kabisa na redio, mtu mwingine akaongea. Sauti ya mwanamke. Laini, haina haraka. Na Kinasa, ambaye neno likiingia sikioni mwake halitoki, akaitambua hapo hapo: ni ile ya saa tatu na nusu, ya kufuli lililovunjwa, ile iliyomtaka koplo wa Gari Tatu na hakuna mwingine.

“Umefanya vizuri, Koplo,” sauti ikasema. “Lakini niambie kitu kimoja, maana nilikuwa nimesimama nyuma yako muda wote. Tunu ni nani? Tangu uingie umemwita mara tatu. Mbona hakuitika?”